Gitaa Lilikuwa la Nani?

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unatoka Nachingwea, atakutajia moja kati ya mambo matatu: karanga, korosho au wapigania uhuru. Ukimwambia Ruangwa, ataongeza la nne, timu ya Namungo. Hapo basi. Hutampata hata mmoja atakayekuuliza habari za gitaa. Wala simlaumu, kwa sababu hata vitabu vya historia tulivyosomeshwa sisi wenyewe vina reli, vina matrekta, vina kambi za kijeshi, lakini havina dansi. Utadhani wazee wetu walikuwa wakitoka shamba wanakula ugali na kulala, kesho tena.

Mimi ni mpenzi wa gitaa la umeme. Si mwanamuziki wa kutajwa redioni, la hasha. Ni mpenzi tu, wale wanaopiga jioni nyumbani mpaka majirani wagonge ukuta. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda na kurudi kati ya Nachingwea na Ruangwa, nikiwatafuta wazee waliowahi kupiga kwenye bendi za zamani. Swali langu kwao lilikuwa la kitoto kabisa: gitaa lako la kwanza ulilipata wapi? Jibu likawa linafanana kila nyumba, kwa maneno mawili matatu: "Halikuwa langu, mwanangu."

Ndugu msomaji, makala hii imezaliwa na jibu hilo.

Karanga na kiingilio

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 likaletwa wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine, na mwaka 1947 kazi ikaanza. Maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Shabaha ilikuwa eka zaidi ya milioni tatu. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, bandari ya maji marefu ikajengwa Mtwara, na reli ikatandazwa kuja huku bara. Haikufika mbali. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango huo, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimekwenda na maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa.

Kwa kawaida habari hii husimuliwa kama kichekesho cha wakoloni, na kweli inachekesha. Lakini itazame kwa jicho la mpiga gitaa. Karanga zilikufa, lakini mji ulibaki. Kwa miaka ile michache walikusanyika mahali pamoja watu wa makabila mbalimbali waliokuwa wakilipwa mshahara mwisho wa mwezi. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde wa eneo hili walikuwa na ngoma zao tangu enzi, na ngoma ni mali ya kijiji: anayekuja anacheza, anayechoka anakaa. Dansi ni kitu kingine. Dansi lina mlango, na mlangoni kuna mtu anayepokea kiingilio. Pasipo na shilingi mfukoni, dansi halizaliwi. Gitaa liliingia nchini kwetu kwa mlango huo, mlango wa mshahara.

Kwa nini walisema "vyombo"

Hapa inabidi nieleze kidogo gitaa la umeme ni kitu gani, maana bila kujua linavyofanya kazi huwezi kuelewa historia yake.

Magitaa ya umeme yalianza kuuzwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kampuni ya Rickenbacker ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Mwaka 1950 Leo Fender akaanza kuuza gitaa la ubao mtupu, lisilo na tumbo. Mwaka 1951 akatoa gitaa la besi, na mwaka 1954 likaja lile la Stratocaster ambalo hata asiyelijua jina amewahi kuliona umbo lake. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu kwa maelfu. Hiyo ndiyo pikapu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya ule waya. Amplifaya huukuza, spika huurudisha kuwa sauti. Hakuna uchawi.

Lakini kutoka hapo yanafuata mambo mawili. La kwanza, uzi lazima uwe wa chuma. La pili, gitaa lisilo na amplifaya ni ubao tu. Ukishanunua gitaa hujamaliza. Sasa tafuta amplifaya, tafuta spika, tafuta nyaya, na kama mji hauna umeme, tafuta jenereta na mafuta yake. Ndiyo maana wanadansi wetu hawakusema sana "gitaa". Walisema "vyombo", kwa wingi. Na vyombo havinunuliwi na mkulima mmoja, hata avune korosho za shamba zima.

Vijana wa wakati huo hawakusubiri kununuliwa. Redio ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951. Toka Kongo zikaja sauti za African Jazz, iliyoundwa mwaka 1953, na OK Jazz, iliyoundwa mwaka 1956. Zilikuwepo pia santuri za Kyuba. Nchini mwetu Dar es Salaam Jazz ilikuwepo tangu miaka ya 1930, Morogoro Jazz tangu miaka ya 1940, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ikatokea Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, yenye jina la kwetu kusini. Kijana akisikia mambo hayo, mikono inamwasha. Basi anachukua debe, anachonga mti wa shingo, na nyuzi anazipata kwenye baiskeli.

Waya wa breki ya baiskeli umesokotwa kwa nyuzi nyembamba nyingi za chuma. Ukiufumua, kila uzi una unene wa milimita 0.3 hivi, na uzi wa kwanza wa gitaa una milimita 0.25. Wazee hawakuwa na kipimo hicho, lakini vidole vyao vilijua. Nimejaribu mwenyewe kwenye gitaa langu. Kwanza nilifunga mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki: kwenye gitaa la debe mshipi unalia vizuri sana, lakini kwenye gitaa la umeme, kimya. Sumaku haiusikii nailoni. Kisha nikafunga uzi wa breki. Ukalia! Ulikwaruza kama mtu mwenye mafua, lakini ulilia. Kijana aliyejifunza kwa waya wa breki alikuwa tayari, bila yeye kujua, anasubiri umeme.

Ufunguo wa stoo

Desemba 1962, akihutubia kama Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alieleza masikitiko yake kwamba wasomi wengi walijua kucheza rumba na chachacha kuliko ngoma za makwao, akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni na vijana. Ungetegemea kwamba gitaa lingepigwa marufuku. Wapi! Lilichukuliwa na umma. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kikaunda Nuta Jazz na wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara. Wakafuata Polisi, Jeshi, Umoja wa Vijana na Vijana Jazz yao, kiwanda cha nguo cha Urafiki, Shirika la Bima. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, ilihamia DDC mwaka 1983, na ndiyo maana mpaka leo watu husema DDC Mlimani Park. Jina la mwenye vyombo linatangulia jina la bendi. Hilo peke yake ni somo la historia.

Huku mikoani mambo yalikwenda vivyo hivyo kwa kiwango kidogo. Mzee mmoja wa Ruangwa, ambaye mimi humwita Babu ingawa si babu yangu wa damu, alipiga gitaa la rithim kwa miaka kumi na tisa katika bendi ya chama. Ruangwa wakati huo ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Nachingwea. Ilimegwa mwaka 1995. Vyombo vilikaa stoo, na ufunguo wa stoo ulikaa mfukoni kwa katibu. Mazoezi yalikuwa saa kumi mpaka magharibi. Katibu akiwa safarini, hakuna mazoezi. Katibu akiwa na msiba, hakuna mazoezi. Katibu akinuna, wee acha tu.

Sasa Babu akajifunza vipi? Alichonga kipande cha mti kirefu kama shingo ya gitaa, akakichora mistari kwa mkaa, ile inayoonyesha mahali pa kila chuma. Mstari wa kumi na mbili ukiwa katikati kabisa ya uzi, akaigawa ile mingine kwa kukumbuka alivyoona stooni. Usiku alikaa barazani akibonyeza kipande cha mti kisicho na uzi hata mmoja. Kapiga gitaa kimya kwa miezi. Aliniambia kwamba mkewe alidhani amerukwa na akili. Lakini siku katibu alipofungua stoo, vidole vilikuwa vimeshajua njia.

Ni yeye aliyenifundisha kwamba bendi zetu zilisimama juu ya magitaa manne. Besi inatembea. Rithim inakata mapigo yasiyobadilika. Solo la pili linazunguka katikati kama mtu anayesuka mkeka. Solo la kwanza linasubiri waimbaji watulie, ndipo chemko lianze na watu wapagawe. "Rithim ni nguzo ya nyumba," aliniambia. "Mgeni akija anasifia mlango." Ukisikiliza kanda za zamani za Mlimani Park au Juwata kwa makini utakubaliana naye. Ondoa rithim, wimbo mzima unaanguka.

Nilitegemea Babu aulaani mfumo ule wa vyombo vya chama. Hakuulaani. Alisema bila chama asingeligusa gitaa la umeme mpaka anaingia kaburini. Mtoto wa mkulima wa mihogo, asiye na ndugu mjini, alipewa chombo cha thamani kuliko nyumba ya baba yake, kwa sababu tu alijua kupiga. Ni mfumo gani leo unaofanya hivyo? Tena alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana aliuona pia ubaya wake. Chama kilimpa mikono, ufunguo hakikumpa.

Njaa ya nyuzi

Kuna jambo jingine lililotufanya watu wa kusini tusisikike: barabara. Mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika njia ya kwenda Lindi ilikuwa ya kumwomba Mungu. Studio ya Radio Tanzania ilikuwa Dar es Salaam. Bendi iliyotaka kubaki katika kumbukumbu za taifa ilitakiwa ifike kwenye ile mikrofoni. Fikiria kupakia spika, ngoma na watu kumi na wawili kwenye lori kutoka Ruangwa, kwa wimbo wa dakika chache! Ndiyo sababu leo hazina ya kanda za Radio Tanzania ni tajiri kwa Dar, Morogoro, Tabora na Tanga, na sisi tumebaki kwenye vichwa vya wazee. Kichwa si kanda. Kikifa, hakirudiwi.

Kisha zikaja shida. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Santuri zetu nyingi zilikuwa zikichapwa Nairobi. Mwaka 1978 vikaanza vita vya Kagera. Fedha za kigeni zikawa za dawa na mafuta, nani akuagizie nyuzi za gitaa? Wapigaji wakarudi kwenye maarifa ya utotoni. Uzi wa kwanza ukikatika, breki ya baiskeli. Nyuzi za besi zikifa sauti kwa uchafu na jasho, zinavuliwa na kuchemshwa sufuriani kama mihogo, kisha zinakaushwa na kurudishwa. Nimefanya hivyo pia. Uchafu ulioganda kati ya mizunguko ya uzi unatoka, na sauti inarudi kwa siku chache.

Mwaka 1984 biashara ikaanza kulegezwa, mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa au kufa moja baada ya jingine. Mwaka 1994 redio za watu binafsi zikaingia hewani. Watu husema muziki wa dansi uliuawa na disko na bongo fleva. Mimi nasema mkoani uliuawa na kufuli. Chama cha Babu kilipokufa, stoo ilifungwa na vyombo vikiwa ndani. Hakuna aliyejua ni vya nani sasa. Ilipokuja kufunguliwa, mchwa walikuwa wamekula maboksi ya spika na kutu imekula pikapu. Wapigaji hawakupewa hata waya mmoja.

Gitaa langu

Gitaa langu nililinunua Kariakoo likiwa limetumika, lina nyuzi tatu na swichi moja mbovu. Halina jina la kujivunia. Lakini ni langu, na kwa hiyo kulitunza ni juu yangu.

Vijana wenzangu mnaotaka kuanza, sikilizeni haya machache. Jasho la huku kwetu ni adui; futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, hata kama ulipiga wimbo mmoja. Usiliegemeze ukutani penye jua, shingo itapinda. Na ikipinda, ile skrubu ya ndani ya shingo izungushwe robo tu, halafu usubiri mpaka kesho. Fyuzi ya amplifaya ikikatika, usifunge waya mahali pake. Fyuzi imekufa ili amplifaya ipone. Ukigusa mikrofoni kwa mdomo huku umeshika nyuzi na ukapigwa shoti, waya wako wa ardhi haupo, acha kupiga hapohapo, si mchezo.

Na uzi ukikwama pale juu shingoni, ukawa unalia tik-tik ukiukaza, chukua penseli, usugue ile risasi yake kwenye mifereji ambamo nyuzi hupita. Risasi ya penseli si risasi. Ni kinywe, na kinywe ndicho madini yanayochimbwa Ruangwa. Pia mpingo, mti wa misitu yetu ya Lindi, ndio unaotengenezewa klarineti za Ulaya. Nchi yetu imejaa muziki wa watu wengine.

Msimu mmoja shida ilibisha hodi nyumbani. Mikorosho ilikuwa imeanza kupigwa na ukungu na pesa ya salfa hatuna. Mama akaniambia, "Mwanangu, kitu hicho hakiliwi. Kiuze." Alisema kweli, kwetu mkorosho ndiyo ada ya shule na ndiyo dawa. Babu alikuwa amekuja kututembelea siku hiyo. Akamwambia Mama, taratibu, "Mwanangu, nimepiga miaka kumi na tisa. Chama kilipokufa niliondoka na mikono yangu mitupu. Huyu anacho chake. Mkikiuza atakuwa mimi."

Mama hakumjibu. Aliingia jikoni. Kesho yake alimwomba mjomba amkopeshe salfa ya nusu ya mikorosho, na nusu nyingine niliilipa mwenyewe, kwa pesa niliyopata kupiga usiku kucha kwenye sherehe ya jando Ruangwa, nikitumia amplifaya ya kukodi na betri ya gari. Tangu hapo gitaa halijatajwa tena kwa bei.

Ya kufanya

Leo ukisikia gitaa la umeme katika miji hii, mara nyingi ni kanisani, au ni kwenye simu ya mtu. Vijana wengi wanatengeneza singeli kwa kompyuta, na ni haki yao. Mwenye kompyuta yake hafunguliwi stoo na katibu. Sisemi turudi kwenye bendi za mashirika. Nasema swali lililowaua wazee bado liko hai: chombo ni cha nani, na siku mwenye chombo akiondoka, mpigaji anabaki na nini?

Ninyi mnaosoma gazeti hili wengi wenu mnataka kuandika. Basi msiandike mapenzi tu. Katika kila mji wa mkoani yupo mzee mwenye kidole gumba kigumu na sugu kwenye ncha za vidole vya kushoto. Mtafute. Usianze kwa kumwuliza aliimba nini. Mwulize stoo ilikuwa wapi, ufunguo alikaa nao nani, nyuzi walitoa wapi, na ilikuwaje siku ya mwisho. Andika na majina ya nyimbo, andika nani alipiga solo la pili, maana huyo hatajwi kamwe. Mimi nimeshajaza madaftari mawili. Babu sasa haoni vizuri, lakini kila nikifika ananyoosha mkono, anapitisha kidole kwenye nyuzi zote sita kuona kama nimezifuta, kisha ndipo tunaanza.